Rangi, Mtaa na Afya: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Toleo lililopita liligusia shinikizo la damu kwa Watanzania waishio ughaibuni, na tangu hapo barua zinazofika zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, rangi ya mtu ndiyo inayomletea maradhi? Nimechagua chache, zote kutoka Mwanza na jirani zake, na nimezifupisha pale ilipobidi. Majina hayakuandikwa kwa ombi la wenye barua.

SWALI: *Habari za kazi, daktari. Binti yangu aliolewa akahamia Marekani, na sasa ana ujauzito wa miezi mitano. Amenipigia simu akilia kwamba kliniki wamempa karatasi inayosema wanawake Weusi wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, ya kuzaa mtoto njiti na hata ya kufa. Mimi nimezaa watoto sita hapahapa Mwanza, wote salama, na marehemu mama yangu alizaa tisa. Kuna kitu gani katika damu yetu ambacho hatukuambiwa?* (Mama wa Pasiansi)

JIBU: Nzuri, mama, na pole kwa wasiwasi. Karatasi aliyopewa binti yako haikukosea hesabu, ila imenyamaza kuhusu sababu, na nadhani ukimya huo ndio uliomliza. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walifariki wanawake Weusi 49.5, ilhali kwa Wazungu walifariki 19. Sasa, kama chanzo kingekuwa damu ya Kiafrika, tungetarajia mwanamke aliyetoka Afrika moja kwa moja, kama binti yako, aathirike kuliko Mmarekani Mweusi ambaye ukoo wake umekaa kule kwa karne kadhaa na kuchanganyika na wengine.

Madaktari wawili wa Chicago, Richard David na James Collins, walilichunguza jambo hilo kwa kupitia kumbukumbu za vizazi vya jimbo la Illinois vya kati ya mwaka 1980 na 1995. Watoto wa wanawake Wazungu waliozaliwa Marekani walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 3,446. Watoto wa wanawake waliozaliwa Afrika walikuwa na gramu 3,333, na wale wa Wamarekani Weusi gramu 3,089. Yaani mzazi aliyetoka huku kwetu alimkaribia Mzungu kuliko alivyomkaribia Mmarekani mwenye rangi kama yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na miaka mitano baadaye wakarudi kuwatazama wajukuu. Kwa familia zilizohamia kutoka Ulaya, uzito wa watoto ulipanda kizazi baada ya kizazi, lakini kwa familia Nyeusi zilizohamia kutoka Afrika na visiwa vya Karibi ulishuka. Kurithi hakubadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni maisha ambayo mabinti wale walikulia.

Maisha hayo yanaingiaje mwilini? Mtafiti Arline Geronimus aliona jambo ambalo mwanzoni wengi hawakutaka kulikubali: kwa Wamarekani Weusi, watoto wa mama wenye umri wa miaka ya ishirini walikuwa wakifa zaidi kuliko watoto wa mama wasichana, wakati kwa Wazungu hali ilikuwa kinyume chake. Mwaka 1992 alieleza kwamba mwili wa mtu anayeishi katika dharau, mashaka ya kipato na tahadhari ya kila saa huchakaa mapema. Homoni za msongo wa mawazo, ambazo Mungu alizitia mwilini zitusaidie kumkimbia fisi na kisha zitulie, hukaa juu siku nzima. Usingizi huwa wa mang'amung'amu, presha hupanda, mishipa hukakamaa, na mimba hukuta mwili wa miaka 28 wenye mishipa ya mtu mzima zaidi. Elimu na fedha hupunguza mzigo huo bila kuuondoa. Kule Marekani mwanamke Mweusi mwenye shahada ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kwa uzazi kuliko Mzungu ambaye hata sekondari hakumaliza.

Kuna pia suala la kusikilizwa, na hapa mfano unaojulikana ni wa Serena Williams, mcheza tenisi. Alipojifungua mwaka 2017 alianza kubanwa na pumzi, na kwa kuwa alikwisha kuugua damu kuganda mapafuni miaka ya nyuma, alimwambia muuguzi waziwazi kwamba anahitaji kipimo cha picha na dawa ya kuzuia damu kuganda. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Aliposhikilia neno lake akapimwa, kweli vikaonekana vipande vya damu iliyoganda kwenye mapafu. Huyo ni mtu tajiri na mashuhuri duniani. Fikiria mgeni ambaye Kiingereza chake bado kinayumba.

Kwa hiyo mwambie binti yako mambo haya. Presha ipimwe kila hudhurio, naye aiandike mwenyewe kwenye daftari. Amuulize daktari kama anastahili kupewa aspirini ya kiwango kidogo, ambayo hutolewa kwa baadhi ya wajawazito ili kuzuia kifafa cha mimba, na ambayo haifai kunywewa bila kuandikiwa. Kichwa kikimuuma mfululizo, macho yakiona nyotanyota, uso na mikono vikivimba ghafla, au tumbo likimuuma juu chini ya mbavu, aende hospitali siku hiyohiyo, na asiende peke yake: mume, dada wa kanisani au jirani awepo chumbani wa kusema pale yeye atakapochoka kusema. Tahadhari hiyo iendelee wiki zote baada ya kujifungua, kwa maana vifo vingi hutokea mama akiwa ameshatoka wodini.

Jambo moja niliseme bila kuficha, mama, kwa sababu nimehisi barua yako inaelekea huko: usimshauri arudi kuzalia nyumbani kwa kuamini kwamba huku ni salama zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Wewe na marehemu bibi yake mlijaliwa.

SWALI: *Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa Sengerema na natarajia kuoa. Mdogo wangu alifariki kwa siko seli. Shuleni tulifundishwa kwamba huo ni ugonjwa wa watu Weusi, na mjomba anasema kwa kuwa mchumba wangu ni Mchaga, "damu ya mbali", hatutapata shida. Ni kweli?* (Kijana wa Sengerema)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumpoteza mdogo wako. Mjomba amekaribia ukweli kwa njia isiyo sahihi, na mwalimu wenu naye ameukosa kidogo.

Mwaka 1949 kijana wa Oxford aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipita akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba chembe ya urithi ya selimundu (ndiyo siko seli), ilhali nyanda za juu ilikuwa vigumu kumpata hata mmoja kati ya mia. Lugha na kabila havikueleza tofauti hiyo. Iliyoieleza ni malaria. Mwaka 1954 alithibitisha kwamba anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana katika nchi za mbu wengi wenye kuibeba waliponea utotoni wakazaa. Ndiyo maana pia selimundu ipo Ugiriki, Sicily, Uarabuni na India kwa watu ambao hakuna atakayewaita Weusi, na haikuwapo kabisa au ilikuwapo kidogo mno kwa Waafrika wengi wa kusini kabisa mwa bara. Ugonjwa umefuata mbu. Aliyeutazama akiwa Marekani, ambako wabebaji wengi walikuwa wajukuu wa watumwa kutoka Afrika Magharibi, aliona rangi, na vitabu vya shule vikanakili.

Zaidi ya hapo, mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti zote za urithi kati ya wanadamu zimo ndani ya kundi mojamoja la watu. Wewe na jirani yako Msukuma mnaweza kutofautiana kwa mengi kuliko mjomba anavyodhani.

Mchumba wako anatoka penye baridi, kwa hiyo uwezekano wa yeye kubeba ni mdogo, lakini watu wameoana na kuhama kwa miaka mingi na uso wa mtu hauonyeshi. Pimeni wote wawili kabla ya harusi. Kipimo ni cha damu kidogo, na hospitali ya Bugando, Mwanza, inahudumia wagonjwa wa selimundu wa kanda nzima. Mkiwa mnabeba nyote wawili, kila mimba ina uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuugua. Akibeba mmoja tu, hakuna mtoto atakayeugua. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuzaa watoto wenye selimundu, na wengi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano kwa sababu hakuna aliyewapima. Mtoto anayegunduliwa mapema, akapewa penisilini ya kinga, chanjo na dawa ya haidroksiyurea, huenda shule kama wenzake.

SWALI: *Mheshimiwa daktari, ninyi waandishi mnapenda kueleza ubaguzi wa Marekani. Huku Bugarika hatuna Mzungu hata mmoja, wote tu rangi moja, lakini kila masika watoto wetu wanaharisha na wa Capri Point hawaharishi. Hilo nalo ni rangi?* (Mzazi mwenye hasira, Bugarika)

JIBU: Hasira yako ina haki, ndugu yangu, na swali lako ndilo lililonifanya nitoe nafasi kubwa ya safu hii kwa mada hii.

Nianze na mawe. Mlimani kwenu mtu akitaka kuchimba choo hukuta mwamba baada ya kina cha magoti. Hivyo hujengea mawe kuzunguka kishimo kifupi kati ya majabali mawili, kikijaa hakuna gari la kunyonya majitaka linaloweza kupanda, na mvua kubwa ya kwanza ya masika ikinyesha wapo wanaotoboa upande wa chini na kutapisha choo, kila kitu kiteremke na maji ya mfereji. Aliye chini yao huamka akute kizingitini. Huyo wa chini ndiye aliyepanga kwa bei nafuu, na mara nyingi ndiye mwenye watoto wadogo. Wakati huohuo bomba la maji, kama limefika, lina presha ndogo, kwa hiyo mama hupanda na ndoo kichwani akikanyaga jiwe baada ya jiwe, na ndoo aliyoipandisha hivyo hawezi kuitumia kunawisha mikono ya watoto kila mara. Ukinunua dumu kwa mchuuzi, lita moja hukugharimu zaidi kuliko lita ya aliyeunganishiwa bomba ndani. Maskini hulipa zaidi kwa maji machache, nami sijawahi kuona kampeni ya kunawa mikono inayolitaja hilo.

Je, ni rangi? Leo si rangi, ila ukiuliza nani aliyechora mji utaikuta. Wajerumani na baada yao Waingereza waligawa miji ya Tanganyika katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kisingizio kimojawapo kilikuwa afya: madaktari wa kikoloni waliamini kuwa Mzungu atanusurika na malaria akilala mbali na watoto wa Kiafrika. Huko Freetown, Sierra Leone, Waingereza walijenga mtaa mzima wa Wazungu mlimani mwaka 1904 kwa hoja hiyo. Mabomba, mifereji na miti ya kivuli ilifuata ramani hiyo. Baada ya mwaka 1961 waliohamia katika nyumba zile walikuwa wenzetu wenye vyeo na fedha, na waliokuja kutafuta kazi kwenye viwanda vya pamba, na baadaye vya minofu ya sangara, wakapanda kwenye mawe ambako hakuna aliyewapimia kiwanja. Minofu inapanda ndege, mapanki yanabaki kukaangwa mtaani. Nayo ni sehemu ya hadithi hiyohiyo ya nani hupata nini.

Hata pale ambapo hakuna tofauti ya rangi wala njaa, ngazi ya kijamii huacha alama mwilini. Uchunguzi ulioanza London mwaka 1967 uliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000, watu wenye ajira ya kudumu na matibabu ya bure. Wa daraja la chini kabisa, akina tarishi na walinda mlango, walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wakubwa wao, na kila daraja katikati lilikuwa na hali mbaya kidogo kuliko lililo juu yake. Sigara, mafuta ya damu na presha vilieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, aliyesimamia kazi hiyo kwa miaka mingi, alihitimisha kwamba kukosa usemi juu ya kazi na maisha yako mwenyewe kunaumiza moyo, moyo huu wa nyama.

Presha nayo hufuata mahali. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walichapisha vipimo vya watu wenye asili ya Afrika Magharibi: waliobaki Afrika waliougua presha walikuwa asilimia 16, wa Karibi 26, na wa Marekani 33. Mwaka 2005 wakaongeza nchi za Ulaya, na Wajerumani wakatokea na asilimia 55, juu ya Wamarekani Weusi wenyewe. Hakuna aliyeandika kwamba damu ya Kijerumani ina kasoro.

Kwa mtoto wako, hakikisha amepata chanjo ya rota, ambayo hutolewa bure kliniki. Akiharisha mpe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, usimwachishe ziwa, na akilegea au macho yakizama mkimbize kituo cha afya. Maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa. Kuhusu mlima, mamlaka ya maji ya Mwanza imekwisha kulaza katika baadhi ya mitaa ya milimani mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu ya mwamba kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo mtu asiwaambie kuwa haiwezekani. Mkutano wa mtaa uulize mtaa wenu uko wapi katika mpango huo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

SWALI: *Daktari, mwanangu wa miaka saba ana ualbino. Tunaishi Ukerewe, mimi ni mvuvi. Shuleni hafanyi vizuri na mwalimu anasema hawa watoto ndivyo walivyo. Ngozi yake imeanza kuwa na vidonda usoni.* (Baba, Ukerewe)

JIBU: Baba, vidonda hivyo vionwe na mtaalamu wa ngozi mwezi huu, usisubiri msimu wa dagaa uishe. Ngozi isiyo na melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, chini ya jua letu, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, huanza kuharibika utotoni, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana. Ikikatwa mapema hupona. Mwanao huyohuyo angezaliwa nchi yenye jua hafifu, ngozi yake isingekuwa hatarini kiasi hiki.

Shuleni mwalimu amekosea. Ualbino huathiri macho: mtoto haoni ubaoni, na mwanga mkali humuumiza. Akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, aruhusiwe kusogelea ubao, apewe maandishi makubwa, na asipangiwe kufagia uwanja saa sita. Avae mikono mirefu na kofia pana. Kofia ya kapelo huacha masikio na shingo. Losheni ya kukinga jua hutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mahususi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure. Uliza katika hospitali ya wilaya hapo Nansio.

Najua kwa nini watoto kama wako Kanda ya Ziwa walifungiwa ndani baada ya mauaji yaliyoanza kutangazwa miaka ya 2000. Hofu hiyo nayo ni ugonjwa aliosababishiwa mtoto na watu. Asiende shule peke yake, na mwenyekiti wa kijiji amjue kwa jina.

SWALI: *Shikamoo daktari. Ninasomea uuguzi. Nimesikia kipimo cha oksijeni cha kidoleni hudanganya kwenye ngozi nyeusi. Je, tukiache?* (Mwanafunzi, Ilemela)

JIBU: Marahaba, binti. Msikiache, ila mjue udhaifu wake. Kifaa hupitisha mwanga kwenye kidole, na melanini nayo hufyonza sehemu ya mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, kwa wagonjwa Weusi asilimia 11.7 kipimo cha damu ya ateri kilionyesha oksijeni chini ya 88. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Hapa rangi ina maana yake halisi, ya fizikia, na kosa ni la waliokijaribu kifaa kwa ngozi nyeupe zaidi.

Kosa la aina nyingine lilikuwa kwenye hesabu ya figo. Kwa zaidi ya miaka ishirini kanuni zilizotumika Marekani na kunakiliwa kwingi ziliongeza asilimia 16 hadi 21 kwenye matokeo ya mtu Mweusi, kwa dhana kwamba ana misuli zaidi, hivyo figo mbovu ikaonekana nzima kiasi na mgonjwa akachelewa kupata tiba. Mwaka 2021 kiongezeo hicho kiliondolewa. Maabara yenu ikitoa matokeo mawili, moja la "Weusi", ulizeni wanatumia kanuni ya mwaka gani.

Kuhusu kidole: kipashe joto, futa rangi ya kucha na hina, subiri namba itulie. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima, tazama ulimi na ndani ya mdomo, kwa sababu midomo myeusi haionyeshi ubluu vizuri. Mgonjwa anayetweta, hawezi kumaliza sentensi, na mashine inasoma 94, mwite daktari.